Kabla ya Kununua Pedi za Kuua Viini

Siku hizi ukitembea madukani Nyeri mjini, ukashuka Karatina, kisha ukapanda matatu hadi Nanyuki, utaona maneno yale yale yamebandikwa kwenye kila kitu cha kitambaa. Soksi zinaua viini. Taulo zinaua viini. Nguo za ndani, shuka za watoto, raba za michezo, na sasa hata sodo, ama pedi kama tunavyoziita sisi wenyewe, zote ati zinaua viini. Bei nayo usiulize. Wahenga walinena kwamba kizuri chajiuza, lakini kwa macho yangu naona kinachojiuza siku hizi ni maandishi ya pakiti.

Kabla sijaitwa mshamba anayepinga maendeleo, acha niseme wazi kwamba sipingi sayansi. Somo la Biolojia nalipenda, na Kemia tunavumiliana. Ninachosema ni kwamba dawa iliyotiwa kwenye kitambaa ina mahali pake. Mahali pake ni kwenye jeraha la mgonjwa na kwenye neti ya mbu. Si kwenye soksi zetu, na zaidi ya yote si kwenye pedi zetu. Sisi wasichana wa shule hii tunahitaji maji, sabuni na kamba ya nguo iliyo juani, na hivyo vitatu ndivyo tunavyokosa huku tukiuziwa dawa.

Hebu tuanze mbali kidogo. Mwaka 1865 huko Glasgow, Uskoti, mpasuaji aitwaye Joseph Lister aliletewa mvulana wa miaka 11 aliyekanyagwa na gurudumu la mkokoteni. Mfupa wa mguu ulikuwa umevunjika na ngozi kupasuka. Zama zile jeraha la namna hiyo lilioza, na mtu alikatwa mguu au akafa. Lister alichovya kitambaa katika asidi ya kaboliki akakifunga pale penye jeraha. Mvulana alipona akatembea. Mwaka 1867 Lister alichapisha habari hizo katika jarida la madaktari liitwalo The Lancet, na tangu hapo watu wakajua kwamba kitambaa kinaweza kubeba dawa na kumlinda mgonjwa.

Hapa kwetu wazee wa Mukurwe-ini wanamtaja Sista Irene Stefani, mtawa wa Consolata ambaye watu walimwita Nyaatha, yaani mwenye huruma. Katika Vita Vikuu vya Kwanza aliwahudumia wapagazi waliougua na kujeruhiwa, Voi, Kilwa hadi Dar es Salaam, kisha akaja kufanya kazi Gikondi. Alifariki mwaka 1930 baada ya kuambukizwa tauni na mgonjwa aliyekuwa akimuuguza, na mwaka 2015 alitangazwa Mwenye Heri papa hapa Nyeri. Siku zake penisilini haikuwa imewafikia wagonjwa. Kwa wauguzi wa zama zile bendeji safi ilikuwa nusu ya tiba, na ukisahau hilo huwezi kuelewa kwa nini madaktari wanaheshimu kitambaa mpaka leo.

Na wana haki. Mtoto akimwagikiwa na chai ya moto, jambo ambalo hutokea sana katika nyumba zetu zenye jiko chini sakafuni, ngozi yake iliyokuwa ukuta imebomoka. Viini vinaingia kama watu wanaoingia sokoni. Kwa hivyo zipo bendeji zilizotiwa madini ya fedha. Chembe za fedha zenye chaji hushika utando wa bakteria na vimeng'enya vyake, bakteria ikashindwa kuishi. Zipo bendeji zenye kitosani, kitu kinachotolewa katika magamba ya kaa, ambazo husaidia damu kuganda. Zipo hata bendeji za asali iliyosafishwa kwa miale. (Shosho wangu aliposikia hilo alicheka, akauliza kama wazungu wamelipa chochote kwa waliogundua mapema.) Hapo sina ubishi. Jeraha liko wazi, mgonjwa ni dhaifu, bendeji inafungwa siku chache halafu inatupwa, na anayeamua ni daktari au muuguzi, si mwenye duka.

Mfano mwingine mzuri uko karibu zaidi, nao ni neti. Najua mbu si bakteria, lakini neti inatufundisha jinsi kitambaa kinavyobeba dawa. Neti za zamani zilichovywa kwenye beseni la dawa, na baada ya kufuliwa mara kadhaa dawa iliisha, ikabidi zichovywe tena. Ndipo ikaja njia nyingine. Kiwandani A to Z, Arusha, ambako neti za Olyset zilianza kutengenezwa mwaka 2003, dawa iitwayo permethrini huchanganywa na plastiki yenyewe kabla haijavutwa kuwa uzi. Dawa inakuwa ndani ya uzi, na inapoisha juu inatoka polepole kutoka ndani. Shirika la Afya Duniani likaweka kipimo: neti ya kudumu lazima iendelee kufanya kazi baada ya kufuliwa mara 20 katika maabara, na idumu miaka 3 nyumbani. Hicho ni kipimo! Ukienda Mwea, kwenye mashamba ya mpunga na maji yaliyosimama, utaelewa kwa nini kipimo hicho kina maana. Tena permethrini ni kama mtoto wa kiwandani wa pareto, lile ua jeupe ambalo wakulima wa Nyandarua wanalijua vizuri kuliko sisi.

Sasa chukua soksi yenye maandishi "inaua viini" uulize maswali hayo hayo. Ina dawa gani? Kiasi gani? Imo ndani ya uzi au imepakwa juu tu? Inafuliwa mara ngapi kabla haijaisha? Pakiti haisemi. Mwaka 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Arizona, Marekani, Troy Benn na Paul Westerhoff, walinunua soksi za aina 6 zilizosemekana kuwa na madini ya fedha, wakaziloweka katika maji safi na kuyapima maji yale. Baadhi ya soksi zilipoteza karibu fedha yote baada ya kufuliwa mara chache tu. Nyingine hazikutoa kitu. Kwa maneno mengine, mnunuzi hakuweza kujua alichonunua. Na ile fedha iliyotoka ilikwenda wapi? Ilikwenda na maji. Kwetu maji machafu yakitoka kwenye karai yanamwagwa uani, yanateremka hadi mtoni, Chania au Ragati, na mito hiyo inaishia Tana. Kilichotengenezwa kuua viini hakitajua kwamba sasa kiko mtoni na hakitakiwi kuwaua viumbe wadogo wanaolisha samaki.

Wavulana wa darasa letu wataniuliza, "Na harufu je?" Jameni, jasho lenyewe halina harufu kubwa. Harufu hutokea bakteria wa ngozi wanapokula jasho na ngozi iliyokufa ndani ya kiatu kilichofungwa siku nzima. Ukibadilisha soksi kila siku, ukaifua kwa sabuni, na kiatu ukakiacha wazi usiku, bakteria hao hawana karamu. Soksi ya mitumba ya Karatina iliyofuliwa inashinda soksi ya dawa iliyovaliwa wiki nzima. Nimekaa karibu na zote mbili, basi naweza kutoa ushahidi.

Sasa tuingie kwenye dawa yenyewe, maana hapa ndipo mambo yanapokuwa mazito. Iko dawa inaitwa triklosani. Ilianza kutumiwa hospitalini miaka ya 1970, halafu ikatoka ikaingia kwenye sabuni, dawa ya meno, mbao za kukatia nyama, soksi na taulo. Watu walidhani inaua kila kitu kwa nguvu kama jiki. Lakini mwaka 1998 Stuart Levy na wenzake wa Chuo Kikuu cha Tufts, Boston, walionyesha kwamba inapiga mahali pamoja maalum katika bakteria, kwenye kimeng'enya kinachotengeneza mafuta ya utando wake. Bakteria ambaye mahali pale pamebadilika kidogo anapona, anazaa, na watoto wake wote wana ulinzi huo. Hii ndiyo tunayoiita usugu wa viini. Alexander Fleming, aliyegundua penisilini, alionya juu yake tangu mwaka 1945 alipopewa tuzo ya Nobel: dawa kidogo kidogo isiyotosha kuua humfundisha bakteria kuishi nayo. Sasa niambie, soksi inayotoa dawa kidogo kidogo kila siku inafanya nini kama si kufundisha?

Msione kama ni hadithi za mbali. Wanasayansi walikadiria kwamba mwaka 2019 watu milioni 1.27 duniani walifariki kwa sababu ya maambukizi ya bakteria waliokataa kusikia dawa. Serikali yetu iliandika mpango wa taifa wa kupambana na usugu huo mwaka 2017. Sisemi soksi ndizo zilizoua watu hao, la hasha. Makosa makubwa yako kwenye dawa tunazomeza ovyo na tunazowapa kuku na ng'ombe. Ninachosema ni kwamba ukiwa na silaha chache huzitumii kupigia nzi.

Mwaka 2016 yalitokea mambo mawili yanayoeleza msimamo wangu vizuri kuliko ninavyoweza mimi. Mwezi wa Septemba mamlaka ya dawa ya Marekani iliamua kwamba triklosani na kemikali nyingine 18 zisiuzwe tena katika sabuni za watu wa kawaida, kwa sababu watengenezaji walishindwa kuonyesha kwamba sabuni hizo zinashinda sabuni ya kawaida na maji. Miezi michache baadaye, mwaka ule ule, Shirika la Afya Duniani likapendekeza kwamba nyuzi za kushonea wagonjwa wa upasuaji zinaweza kutiwa triklosani ili kupunguza maambukizi. Dawa ile ile! Nyumbani haina faida iliyothibitishwa, lakini ndani ya jeraha la upasuaji inastahili kujaribiwa. Na hata huko hospitalini haikukubaliwa bila kupimwa. Mwaka 2021 ulichapishwa utafiti uliofanywa katika nchi 7, majirani zetu wa Rwanda wakiwemo, kwa wagonjwa zaidi ya 5,700, na nyuzi za triklosani hazikuonekana kupunguza maambukizi kuliko nyuzi za kawaida. Wapasuaji wanabishana kwa takwimu za maelfu ya wagonjwa kuhusu uzi mmoja, nasi tunanunua pedi kwa sababu pakiti ina picha ya ua.

Hapo kwenye pedi ndipo nilipotaka kufika tangu mwanzo. Muhula uliopita alikuja shuleni mama mmoja mwuzaji, akaruhusiwa kuzungumza na wasichana baada ya masomo. Alikuwa na pedi zenye utepe wa kijani katikati. Alisema utepe huo unatoa "anayoni" zinazoua bakteria, kuondoa harufu na kuzuia magonjwa ambayo sitayataja hapa kwa sababu Mwalimu Mlezi atayafuta. Pakiti moja ilikuwa na bei ya pakiti tatu za kawaida. Alimwaga maji ya rangi juu ya pedi, yakafyonzwa yote, wasichana wakapiga makofi. Lakini alichoonyesha ni kwamba pedi inafyonza maji. Kwamba inaua viini hakuonyesha. Nilipouliza ni dawa gani iliyomo na ni kiasi gani, niliambiwa nisome pakiti, na pakiti ilikuwa na neno lile lile la anayoni.

Sasa anayoni ni nini? Kidato cha tatu wote wanajua. Ni ioni yenye chaji hasi, basi. Chumvi ya jikoni ina ioni za kloridi, nazo ni anayoni. Sufuria ya githeri ina anayoni nyingi kuliko pedi yoyote. Mtu akikwambia "ina anayoni" bila kusema ni ya kitu gani na inafanya kazi vipi, amekwambia neno tu.

Halafu liko jambo ambalo hakulisema kabisa. Katika sehemu za siri za msichana mwenye afya wapo bakteria wazuri waitwao laktobasila, jamaa za wale wanaogandisha maziwa ya mala. Wanatengeneza asidi, na asidi hiyo inawazuia viini wabaya wasipate makao. Ni walinzi wa bure. Kitu kinachoua viini bila kuchagua kikiwafikia, kinawaua walinzi pamoja na wezi, na mlango unabaki wazi. Ndiyo maana wauguzi wanatuambia tuoshe nje kwa maji safi na tusijisafishe ndani kwa dawa wala manukato. Kama hatutakiwi kuweka dawa kwa mkono, kwa nini tuiweke kwa pedi?

Nitaulizwa, je, pedi za kutupwa zisipokuwako? Hili ndilo swali la wengi wetu, ingawa hatulisemi hadharani. Kuna muhula ambapo pedi za bure zinafika na kuna muhula hazifiki. Hapo msichana anatumia za kitambaa. Wengine wana zile zilizoshonwa vizuri kiwandani, zenye vifungo, kama zinazoshonwa na mashirika ya Kenya na Uganda. Wengine wanatumia kipande cha leso ya mama au fulana ya zamani. Hakuna aibu hapo. Kitambaa cha pamba kilicho safi na kikavu hakina kosa lolote.

Lakini kinafuliwa wapi, na kinaanikwa wapi? Hapa ndipo penye hatari, na hakuna dawa ya kiwandani itakayoiondoa. Msichana anakifua usiku wakati ndugu zake wamelala. Kwa sababu ya haya anakianika chini ya godoro, au nyuma ya pipa jikoni, au ndani ya mkoba. Hebu fikiria mwezi wa saba hapa kwetu, wakati wa gathano, ukungu umeshuka kutoka mlimani na jua halionekani kutwa nzima. Hata sweta iliyo nje huchukua siku tatu. Kitambaa kilicho chini ya godoro hakikauki, kinapata joto la mwili tu. Unyevu, giza na joto kidogo ndivyo anavyovitafuta kuvu na bakteria. Utafiti uliofanywa katika jimbo la Odisha, India, na kuchapishwa mwaka 2018, uliona kwamba wanawake waliokausha vitambaa vyao ndani ya nyumba walipata fangasi ya sehemu za siri zaidi kuliko wengine. India ni mbali lakini godoro ni godoro.

Na dawa ya kumaliza hilo inapita juu ya vichwa vyetu kila siku. Mwaka 1877 Waingereza wawili, Arthur Downes na Thomas Blunt, waliweka chupa ndogo za maji yenye chakula cha bakteria dirishani. Nyingine waliziacha wazi kwa jua, nyingine wakazifunika kwa bati la risasi. Zilizofunikwa zikawa na maji meupe ya utusitusi kwa sababu viini vilizaana. Zilizopigwa na jua zikabaki safi. Jaribio hilo tunaweza kulifanya hata katika maabara yetu isiyokuwa na gesi. Miale ya jua isiyoonekana kwa macho huvunja mbegu za urithi za bakteria, na ukavu humaliza kazi. Sisi nasi tunaishi juu, Nyeri mjini ni kama mita 1,750 kutoka usawa wa bahari, na mstari wa ikweta unapita pale Nanyuki watalii wanapopigia picha. Jua letu likitoka ni kali kuliko la wenye viwanda vya hizo soksi. Hatulipii hata senti.

Hata katika siku za ukungu moto upo. Hospitali za Uingereza zina kanuni kwamba shuka za wagonjwa zifuliwe kwa maji ya nyuzi 65 kwa muda usiopungua dakika 10, au nyuzi 71 kwa dakika 3. Nyeri maji huchemka yakifika kama nyuzi 94, kwa sababu ya mwinuko, na hizo zinatosha na kubaki. Kitambaa cha pamba tupu unaweza kukiloweka kwanza katika maji baridi ili damu itoke, ukakifua kwa sabuni, ukakimwagia maji yanayochemka, kikauke karibu na jiko mahali penye hewa, kisha ukakipiga pasi ya makaa. Zile pedi za kushonwa zenye tabaka la plastiki usizichemshe wala usizipige pasi, zitaharibika na kuvuja. Hizo zinataka sabuni, maji safi na upepo wa nje. Ukiona haya, zianike katikati ya nguo nyingine, au zifunike kwa leso nyepesi mpaka watu wapite, kisha uondoe leso jua lizifikie.

Mnakumbuka barakoa? Kenya ilipata mgonjwa wa kwanza wa korona tarehe 13 Machi 2020, sisi tukiwa bado watoto wa shule ya msingi. Mafundi wa Kitui na wa Rivatex kule Eldoret walishona barakoa. Madukani zilikuja nyingine zikijisifu kwa fedha na shaba. Nyumbani kwetu tulikuwa na za kitambaa, na kila jioni zilifuliwa kwa sabuni, asubuhi zikapigwa pasi. Ziling'inia kwenye kamba mbele ya nyumba, za baba, za mama na za watoto, na hakuna jirani aliyecheka. Kumbe kitambaa cha afya kinaweza kuanikwa hadharani. Kwa nini cha msichana kifichwe kama pombe haramu?

Nawajua watakaosema kwamba mambo haya ni ya nyumbani, shule inahusikaje, hasa shule ya kutwa kama yetu. Inahusika. Tunafika hapa saa moja kasoro na kuondoka jioni, na wengine wanatembea kutoka mbali. Pedi ya kitambaa lazima ibadilishwe mchana. Ibadilishwe wapi? Choo cha wasichana kina milango minne, miwili haifungi. Mfereji wa karibu hautoi maji tangu muhula wa kwanza. Msichana hawezi hata kunawa mikono baada ya kubadilisha, kisha anarudi darasani kushika vitabu na kugawana mandazi na mwenzake. Hapo ndipo viini vinaposafiria, si katika soksi.

Nchi yetu imefanya mengi, lazima nikiri. Mwaka 2004 Kenya iliondoa kodi ya mauzo kwa sodo. Mwezi wa Juni 2017 rais wa wakati huo, Uhuru Kenyatta, alitia sahihi sheria inayosema kila msichana aliyebaleghe katika shule ya umma apewe sodo za bure, za kutosha na zenye ubora, na kuwe na njia salama ya kuzitupa. Kifungu hicho ni kizuri. Nakitazama tu na kuona kwamba kimetaja pedi na mahali pa kuzitupa, kikasahau mfereji na sabuni. Nasi tumekisoma hivyo hivyo. Tunangoja maboksi, na maboksi yasipokuja tunaketi tukimsikiliza mwuzaji wa utepe wa kijani.

Kwa wavulana nina neno moja. Mwezi wa pili pedi ilianguka kutoka kwenye mkoba wa msichana mmoja, na nusu ya darasa ikapiga kelele hadi mwalimu wa Hesabu akasimamisha somo. Hamkujua kwamba kelele zile ndizo zinazompeleka dada yako kuanika kitambaa chini ya godoro. Mkiacha kucheka, mtakuwa mmeua viini wengi kuliko triklosani.

Nasikia wazazi watakutana mwanzoni mwa muhula ujao, na kwamba iko hoja ya kuchanga pesa ili kila msichana anunuliwe pakiti mbili za zile pedi za anayoni. Naomba kwa heshima hoja hiyo ibadilishwe. Nimepiga hesabu na wenzangu wawili wa kamati ya jarida hili. Pesa hizo zinatosha kununua tangi la maji ya mvua, maana paa la bweka la maabara ni kubwa na mvua ya mwezi wa nne ni ya bure. Zitabaki za kununua sabuni za mwaka mzima, makomeo mawili ya milango, na pakiti za pedi za kawaida za kuwekwa ofisini kwa Mwalimu Mlezi kwa ajili ya dharura. Waya wa kamba ya nguo tunao tayari, umebaki kutoka kwenye ua wa shamba la kilimo. Unaweza kufungwa kati ya miti miwili ya grevilea nyuma ya choo chetu, upande wa mashariki, ambako jua hufika kuanzia saa tatu.

Fundi wa mifereji akija, asipelekwe kwanza kwenye bustani ya maua iliyo mbele ya ofisi. Mfereji uliokufa uko kwenye kona, kulia kwa choo cha wasichana, na kinachokosekana ni koki tu.